Chipu ya miguu 28 na misa iliyozaliwa Kamina

Sikio la kushoto la kambo wangu limekwisha kazi. La kulia bado linasikia, na njo hilo aliloinamisha juu ya simu yangu siku nilipomwekea Missa Luba. Alisikiliza kama dakika moja, kisha akasema: "Mwana, zima. Iko sawa sauti ya mu sufuria."

Alikuwa na haki. Faili lenyewe nililipata WhatsApp, limebanwa na kubanwa tena na watu nisiowajua, na spika yangu ya Bluetooth ni zile za bei ya chini sokoni. Lakini niliona haya, maana nilikuwa nimemwahidi mzee kwamba atasikia sauti ya mukubwa yake.

Hapo wenzangu lazima nieleze. Wengi wetu tumesoma hapa Kamina toka msingi mpaka chuo, na hakuna mwalimu aliyetuambia kwamba rekodi iliyosikilizwa sana Ulaya na Marekani katika miaka ya 1960 ilitoka kwetu. Padri Guido Haazen, Mfransisko wa Ubelgiji, alifika Kamina mwaka 1953. Akaunda koro ya watoto wa kiume 45, wa miaka 9 hadi 14, pamoja na walimu kama 15 wa shule, ikaitwa Les Troubadours du Roi Baudouin. Tarehe 23 Machi 1958, kwenye misioni ya Saint-Bavon hapa hapa, waliimba misa yao kwa mara ya kwanza. Maneno ni ya Kilatini, uimbaji ni wa kwetu: Kyrie inakwenda kwa njia ya kasala, Sanctus inatokana na wimbo wa kuagana, Agnus Dei ina asili yake kwa Bena Lulua. Hakuna ogani, hakuna piano, ni sauti za watu na ngoma. Mwalimu Joachim Ngoi ndiye anayesikika akiimba peke yake. Mwaka huo huo koro ilisafiri Ulaya, ikaimba kwenye maonyesho makubwa ya Bruxelles, na kampuni ya Philips ya Uholanzi ikatoa santuri. Mwaka 1968 Sanctus ile iliingia ndani ya filamu ya Kiingereza ya Lindsay Anderson, if...., na vijana wa London wakawa wanatafuta santuri ya watoto wa Kamina.

Mukubwa wa kambo alikuwa mmoja wa wale 45. Kambo mwenyewe hakuchaguliwa. Anasema sauti yake ilikuwa ya mbuzi. Wakati wa mazoezi alikuwa anasimama nje, chini ya dirisha. Nilipomuuliza kama watoto walikuwa na karatasi za muziki mkononi, alicheka. "Karatasi gani? Shiye batoto tulikuwa tunaimba tu. Padri anasikia, anasema hii ibaki, hii itoke." Jina linalochapishwa mara nyingi kama mtengenezaji wa misa ni la padri, hiyo ni habari nyingine, siku moja mtu wa historia aiandike humu. Mukubwa alifariki zamani sana. Picha yake hakuna. Kilichobaki ni santuri, na santuri haipo nyumbani.

Jina la Philips mliweke kichwani, litarudi.

Miezi michache baada ya aibu yangu ya Bluetooth, fundi mmoja wa mtaa wetu aliagiza kutoka Lubumbashi mzigo wa vitu vya Ulaya vilivyotumika: radio, pasi, vitu vya kompyuta. Ndani ya mzigo kulikuwa na mashine ya CD ya Philips, nyeusi, nzito kuliko inavyoonekana. Haikuwaka. Fundi aliifungua mbele yangu, na kwa kuwa mimi ni mtu wa agronomia nisiyejua kulehemu hata waya mbili, nilishika taa. Katikati ya bodi kulikuwa na chipu ndefu yenye miguu 28, imeandikwa TDA1541A. Kandokando yake zimepangwa kondensa ndogo, saba upande huu, saba upande ule, kama vifaranga kwa mama yao. Fundi akasema, "Hii njo inafanya namba zikuwe sauti." Akaacha hapo, akaendelea na kazi. Mimi sikuweza kuacha hapo. Usiku ule nilimaliza mega zangu zote.

Niwaeleze nilichoelewa, maana ni historia nzuri, na ndani yake nilikuta kitu tulichofundishwa sisi watu wa shamba.

CD haina sauti ndani. Ina namba. Sauti ilipokuwa inarekodiwa, mashine iliipima mara 44,100 kila sekunde, na kila kipimo kikaandikwa kama namba moja kati ya 65,536. Kuirudisha sauti ni kazi ya kigeuzi: anapokea namba, anatoa umeme wa kiasi kile kile. Namba kubwa, umeme mwingi; namba ndogo, umeme kidogo. Ukisikia hivyo unaona ni kazi ya mtoto.

Sasa fikiria mama anayepima mahindi sokoni, lakini badala ya meka moja ana vyombo 16. Cha kwanza kinachukua punje moja, cha pili punje 2, cha tatu 4, cha nne 8, kila kimoja mara mbili ya kilichotangulia, mpaka cha mwisho punje 32,768. Kwa vyombo hivyo anaweza kukupimia idadi yoyote ya punje kuanzia sifuri hadi 65,535, akichagua tu vipi ajaze na vipi aache. Kigeuzi cha biti 16 ni hivyo. Ndani ya TDA1541A punje ni mkondo wa umeme, na mkondo wote ukijaa ni miliampea 4 tu. Punje moja kwa hiyo ni kama sehemu 61 za bilioni ya ampea.

Tatizo liko kwenye chombo kikubwa. Chombo cha punje 32,768 kikikosea kwa sehemu moja tu ya 32,768, kosa lake ni punje nzima. Chombo kidogo chote kinamezwa na kosa la kikubwa. Na kuna ubaya zaidi: kosa hilo linatokea mahali pabaya kabisa. Sauti ni wimbi linalopanda na kushuka kupita katikati, na katikati ni kati ya namba 32,767 na 32,768. Pale njo vyombo 15 vidogo vinafungwa vyote kwa pamoja na kile kikubwa kinafunguliwa. Sauti kubwa inapita pale haraka na kwenda mbali, haidhuriki sana. Sauti ndogo inaishi pale pale. Mwisho wa ngoma inayokufa, pumzi ya mtoto kabla ya kuimba, ukuta wa kanisa unaojibu kidogo: vyote vinavuka ule mpaka mbovu mara mia kila sekunde. Kigeuzi kibaya hakiharibu kelele. Kinaharibu utulivu.

Kutengeneza vipande viwili vya silikoni vilivyo sawa kabisa, kwa kiwango hicho, hakuna kiwanda kilichoweza kwa njia ya kawaida. Kufika sehemu moja kwa elfu ni kazi. Hapa ilitakiwa sehemu moja kwa makumi ya maelfu, na chipu ikipata joto, au ikizeeka, usawa unapotea.

Wamarekani wa Burr-Brown, kule Tucson, walikwenda kwa njia ya fundi seremala: tengeneza rezista ndani ya chipu, pima, kisha kata kidogo kwa leza, pima tena, mpaka iwe sawa. Kazi nzuri, bei kali. Sony katika mashine yake ya kwanza, CDP-101 ya mwaka 1982, ilitumia kigeuzi kinachohesabu, na tena kimoja tu kwa masikio mawili: kinahudumia la kushoto, kinakimbilia la kulia. Sikio moja linachelewa kwa sehemu kama 11 za milioni ya sekunde. Hakuna anayelisikia hilo, lakini nilicheka. Ni kama kaka wawili wenye viatu pea moja.

Philips walikuwa na mtu anayeitwa Rudy van de Plassche, katika maabara yao ya Eindhoven. Mwaka 1976, kabla CD haijatoka, alitangaza wazo ambalo kwangu ni la mayele kuliko leza zote. Alisema hivi, kwa maneno yangu: tusihangaike kufanya vipande viwe sawa. Tuviache na makosa yao, ila tuvibadilishane nafasi.

Chukua mkondo mmoja, ugawe mara mbili. Nusu hazitakuwa sawa. Moja itakuwa 1.001, nyingine 0.999. Sawa. Mkubwa apelekwe njia ya kushoto, mdogo njia ya kulia. Halafu geuza: mkubwa kulia, mdogo kushoto. Geuza tena, na tena, makumi ya maelfu ya mara kila sekunde. Kila njia sasa inapata nusu ya wakati mkondo mkubwa na nusu ya wakati mkondo mdogo. Wastani wake ni 1.000, huku na huku. Yale mawimbi madogo ya kugeuzageuza yanamezwa na kondensa, na ndiyo zile vifaranga saba na saba nilivyovihesabu kwa taa ya fundi.

Mtu atauliza: je, wakati wa kugeuza nao usipokuwa sawa? Van de Plassche alikuwa na jibu, na hapa ndipo uzuri wenyewe. Tuseme vipande vinatofautiana kwa sehemu moja ya elfu, na muda wa zamu nao unatofautiana kwa sehemu moja ya elfu. Kosa linalobaki ni moja kwa elfu mara moja kwa elfu, yaani moja kwa milioni. Kosa dogo likizidishwa na kosa dogo linakuwa si kitu. Vitu viwili vya kawaida, kila kimoja na kasoro yake, vinazaa usahihi ambao hakuna hata kimoja kilikuwa nao.

Wenzangu wa kitivo cha agronomia, mmeshaona? Ni likelemba, lakini zaidi ya hapo ni carré latin. Kwa kazi yangu ya mwisho ya licence nilipanda aina nne za mahindi kwenye shamba lenye mteremko. Chini udongo mweusi wenye maji, juu changarawe. Ukipanda aina moja yote chini, itashinda, na utakuwa umepima udongo, si mbegu. Shamba lililo sawa kila mahali halipo duniani. Kwa hiyo unazungusha: kila aina inaonekana mara moja katika kila mstari na mara moja katika kila safu, kila moja inaonja chini na juu, na mteremko unajifuta wenyewe kwenye hesabu. Ronald Fisher alilijenga somo hilo akiwa kituo cha kilimo cha Rothamsted, Uingereza, katika miaka ya 1920. Sina ushahidi kwamba Van de Plassche aliwahi kufikiria mahindi. Lakini mimi nililielewa wazo lake kwa jembe, na nililielewa haraka kuliko wasomaji wengi wa umeme, ninyi wa polytechnique mnisamehe.

Njia ya kwenda biti 16 ilikuwa na ugomvi ndani yake. Philips na Sony walipokaa pamoja kupanga CD, Philips walitaka biti 14; chipu yao ya biti 14, TDA1540, ilikuwa karibu. Sony wakasema 16 au hapana. Kanuni za mwaka 1980 zikaandikwa biti 16. Philips wakabaki na chipu inayohesabu hadi 16,384 mbele ya namba zinazofika 65,536. Wangeweza kuitupa. Badala yake waliweka mbele yake chipu nyingine, inayotengeneza namba nne mahali penye moja, kwa hesabu, hivyo 44,100 ikawa 176,400 kila sekunde. Na kila namba inapokatwa ili iingie kwenye biti 14, kipande kilichokatwa hakitupwi, kinahamishiwa namba inayofuata. Mnajua muuzaji akikosa chenji ya franka 50: mwaminifu anaikumbuka, kesho unaongezewa. Kwa namba nne za haraka na deni linalokumbukwa, biti 14 zikasikika karibu kama 16. Mashine yao ya kwanza, CD100, ilifika maduka ya Ulaya mwaka 1983 hivyo, na wengi waliipenda kuliko ya Kijapani. Umaskini wa biti mbili njo ulizaa ile mbinu. Leo karibu kila kigeuzi duniani, pamoja na kilicho ndani ya simu yako, kinazidisha sampuli.

Mwaka 1985 TDA1541 ikatoka: biti 16 kamili, masikio mawili ndani ya chipu moja, na zamu za Van de Plassche zikizunguka ndani. Toleo la A likafuata. Kiwandani walikuwa wanazipima, na zile zilizotoka bora kuliko dada zake ziligongwa muhuri wa taji dogo na alama S1. Hazikutengenezwa tofauti. Zilizaliwa kwenye sahani moja na nyingine, zikapimwa, zikachaguliwa. (Kambo nilipomwambia hili alisema: "Sawa vile koro.")

Ndipo zikaja mashine za watu wenye mali. Marantz, ambayo Philips walikuwa wameinunua kwa sehemu kubwa mwaka 1980, ilitoa CD-94, na pembeni yake sanduku la kigeuzi peke yake, CDA-94. Philips wenyewe wakatoa DAC960, na LHH1000 ya masanduku mawili: moja linazungusha CD, la pili linageuza namba. Kwa nini kutenganisha? Kwa sababu mota inayozunguka, leza inayotafuta njia na saa za dijito ni majirani wenye kelele. Kigeuzi kinachopima sehemu za bilioni ya ampea kinahitaji nyumba yake, transfoma yake, ukuta wake wa chuma. Ukisoma michoro ya sanduku kama hilo unashangaa: chipu yenyewe ni ndogo kama kidole, mengine yote, kilo na kilo, ni ulinzi wa kimya chake. Volti 5 chanya, 5 hasi, 15 hasi, kila moja inachujwa peke yake. Mashine ya fundi wetu haikuwa na fahari hiyo. Ilikuwa ya familia ya kawaida. Lakini chipu ni ile ile, bila taji.

Wakati wake haukuwa mrefu. Mwishoni mwa miaka ya 1980 Philips hao hao walianza kuuza njia ya biti moja, Bitstream: badala ya vyombo 16 vinavyotakiwa kuwa sawa, chombo kimoja kinachofunguliwa na kufungwa kwa kasi kubwa sana. Chombo kimoja hakina wa kulinganishwa naye, kwa hiyo ugomvi wa usawa umekwisha, na bei inashuka. Kwa mhasibu ni jibu bora. TDA1541A ikaondoka polepole. Kisha, kama kawaida ya binadamu, watu wakaanza kuililia. Mjapani Ryohei Kusunoki katika miaka ya 1990 aliandika kwamba hata ile ya kuzidisha sampuli iondolewe, namba ziingie kwenye kigeuzi kama zilivyo kwenye CD, na wapenzi wa kulehemu dunia nzima wakajenga vigeuzi vyao kwa chipu hizo za zamani. Leo chipu ya taji inauzwa ghali, na matapeli wanachapa taji juu ya chipu za kawaida. Mimi sisemi kwamba zamani ni bora. Wahandisi wenye vipimo wanasema kigeuzi cha bei ndogo cha leo kinapima vizuri kuliko TDA1541A, na nawaamini. Ninachopenda ni mchoro wa wazo.

Turudi kwa fundi. Kilichokufa hakikuwa chipu bali kondensa mbili kubwa za upande wa umeme, zimevimba kama mihogo iliyolowekwa. Alizibadilisha. Mashine ikawaka. Rafiki yetu anayesoma Ubelgiji aliporudi likizo alikuwa amenunua, kwenye duka la vitu vilivyotumika, CD iliyoandikwa Missa Luba, na alama ya Philips juu. Nilitetemeka kidogo, nakubali. Kampuni iliyowatoa watoto wa Kamina kwenye santuri mwaka 1958, CD yake, chipu yake, na sasa vimekutana Kamina.

Tulimkalisha kambo mbele ya spika mbili kubwa za kanisa la jirani, tukawasha groupe mbali, nyuma ya nyumba, ili isipige kelele. Kyrie ikaanza. Bon, sijawahi kusikia sauti za watu namna ile kutoka kwenye mashine. Ungeweza kuonyesha kwa kidole nani amesimama wapi. Kambo aliinamisha sikio la kulia, akasikiliza Kyrie yote, akasikiliza Gloria mpaka katikati.

"Beko banaimba muzuri," akasema. "Lakini aba habako ba kwetu. Mu ii sauti hakuna hata moja ninajua."

Nilichukua kasha, nikasoma maandishi madogo ambayo kwa haraka yangu sikuyasoma. Waimbaji ni Muungano National Choir ya Kenya, chini ya Boniface Mganga. Mwaka 1990. Philips walikuwa wameirekodi misa upya, na watu wengine. Hakuna aliyedanganya; jina la misa ni la misa. Chipu ilifanya kazi yake kwa uaminifu hadi punje ya mwisho: iliwarudisha Wakenya, kwa sababu Wakenya ndio waliowekwa ndani. Sauti ya sufuria kwenye simu yangu, ile mbovu, ndiyo ilikuwa na mukubwa yake.

Basi nilifanya ambacho ningefanya toka mwanzo. Nilitafuta nakala nzuri ya rekodi ya 1958, isiyobanwa, ikala mega za wiki mbili, nikaenda nayo kwa kijana anayechoma CD karibu na soko. Wengi walisema mashine ya zamani hivi haisomi CD za kuchoma. Mkono wake wa leza ulihangaika, ukarudi, ukajaribu, mara ya tatu ukashika.

Kwanza ulisikika mkanda wenyewe, ule mvumo wa rekodi za zamani, kama mvua ya mbali juu ya mabati. Chipu haikuuficha. Halafu ngoma, halafu watoto.

Kambo hakusema kitu. Alipofika kwenye Sanctus aliinua kidole, fundi akarudisha nyuma. Akainua tena. Mara ya nne alisogeza kiti mpaka sikio likagusa kitambaa cha spika, akabaki hivyo, mdomo wake unakwenda na maneno.

"Iko pale," akasema. "Pembeni ya ngoma. Unamusikia?"

Mimi nilisikia watoto wengi wakiimba pamoja. Nilimwambia ndiyo.

Mafuta ya groupe yalibaki kidogo, fundi alikuwa ananiangalia. Kambo akasema turudishe tena.